Mimi Si Wakili

Ilianza Jumatatu, saa tisa na dakika kumi alasiri. Najua kwa sababu saa ya ukutani iko juu ya printa, na mimi nikishikwa na aibu huwa naangalia vitu vya ukutani. Barua ilikuwa inatoka. Juu ilikuwa na nembo ya chuo kikuu cha ng'ambo, chini ya nembo jina langu, na chini ya jina langu ilisema nimepata nafasi ya kusomea sheria miaka mitatu, na kwamba nijibu kabla ya Ijumaa jioni.

Mama Mikataba, jirani yetu ambaye ofisi ni yake, aliichukua kwenye printa kabla mkono wangu haujafika. Akaisoma yote. Akaigeuza akaangalia nyuma, ambako hakukuwa na kitu. Kisha akaanza tena kutoka juu. Nilikuwa nangoja aseme hongera. Mtu yeyote angesema. Hata msichana wa hoteli aliyekuwa ametuletea chai alikuwa ameshasema, na hakujua ni barua ya nini.

"Wameandika vizuri," Mama Mikataba alisema, akanirudishia. "Umeuliza?"

"Nimeuliza nini?"

Lakini mteja alikuwa ameingia, akamgeukia. Nilienda nyumbani na barua mkononi, nimeumia. Jioni hiyo baba aliisomea familia barua mara mbili, na mimi nikachukua hili daftari nikaanza kuandika juu ya jirani yetu, kwa sababu nilitaka kujua kitu kimoja tu: kama ananionea wivu.

Jina lake sitaliandika. Hapa mtaani hakuna anayelitumia. Yeye ni Mama Mikataba kwa sababu ndiyo kazi yake. Mtu akinunua ploti, akikodisha duka, akiuziana ng'ombe na shemeji yake na wanaogopana, wanakuja kwake awaandikie. Ofisi ni chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, karibu na barabara ya Namanga, na malori ya mawe yakipita kila kitu kinakuwa cheupe. Asubuhi kitu cha kwanza anachofanya ni kupangusa kibodi na kitambaa chenye maji, kitufe kimoja baada ya kingine, hata kabla hajavua koti.

Nimemjua tangu nikiwa darasa la pili. Nyumba yake na yetu zimetenganishwa na ua wa michongoma. Yeye ni Mmaasai wa kule Rombo, karibu na mpaka, na sisi ni Wakamba. Siku tuliyohamia Kitengela alikuja kusimama mlangoni mwetu, na wazazi wangu wakanisukuma mbele nimsalimie. Nilikaa tu nikiangalia viatu vyake. Akasema, "Kwetu mtoto haongei. Anainamisha kichwa tu." Nikainamisha, akaniwekea kiganja kichwani, salamu ikaisha. Nilimpenda kuanzia hapo. Ilikuwa salamu ya kwanza maishani mwangu ambayo haikunitaka niangalie mtu machoni. Nilipofika kidato cha kwanza aliniambia sasa mimi ni mkubwa, akaanza kunisalimia kwa Kimaasai, "Takwenya," na mimi najibu "Iko," lakini kwa sauti ndogo, na yeye hujifanya hajasikia mpaka nirudie.

Tangu kidato cha pili nimekuwa nikimsaidia likizoni kupiga chapa. Kazi yake ina masharti ambayo hayajaandikwa popote. Mkataba haupigwi muhuri wa tarehe kabla haujasomwa kwa sauti, kwa Kiswahili, na kama kuna mzee asiyesikia Kiswahili vizuri basi kwa Kimaasai tena. Halafu haulizi kama mmeelewa. Anasema, "Sasa niambie wewe. Umeuza nini?" Mzee anaeleza. Akikosea, tunaanza upya. Nimeona mkutano wa nusu saa ukichukua asubuhi nzima kwa sababu muuzaji alifikiri bado atachunga mbuzi wake kwenye ardhi aliyouza.

"Lakini nyasi sijauza," yule mzee alisema.

"Imeandikwa wapi kwamba hujauza?"

"Si kila mtu anajua?"

"Mwandikie kila mtu hapa," akaniambia mimi, na nikapiga chapa sentensi ya nyasi, na mnunuzi akakasirika, na bado wakatia sahihi.

Sharti lingine linahusu wake za wauzaji. Mwanaume akija kuuza ardhi ya familia, kabla hata hajakaa anaulizwa, "Mama yuko wapi?" Mmoja alijibu mama yuko shambani. Mama Mikataba akamwambia, "Tutamngoja." Akafunika kalamu, akamwagizia chai. Yule bwana alingoja mpaka saa saba, akaondoka akimtukana kwa heshima, vile watu wa hapa hufanya, kwamba mwanamke aliyesoma sana huharibu nyumba za wengine. Kesho yake alirudi na mkewe.

Akiwa na njaa ni mkali. Hasifu mtu. Nikipiga ukurasa mzima bila kosa husema, "Haya, mwingine." Chai ya rangi hainywi, anasema alikunywa ya kumtosha kule alikosomea sheria. Koti alilokuja nalo kutoka ng'ambo, zito kama blanketi mbili, hulivaa mwezi wa saba hapa Kitengela na watoto humcheka, na yeye huwauliza kama wanataka kuingia ndani yake, kwani watatu wanatoshea.

Na kila siku, labda mara tatu kwa siku, husema, "Mimi si wakili."

Mteja akiingia na kusema, "Wakili, habari ya asubuhi," jibu ni hilo. "Mimi si wakili. Nimesoma sheria tu. Wakili yuko ile gorofa ya pili, huyo ndiye atawashuhudia." Akimaliza kuandika anawatuma huko na karatasi zao. Watu hucheka. Wanamwambia, "Sawa wakili." Nimesikia hayo maneno mara nyingi sana mpaka yakawa kama kengele ya shule, unasikia na husikii.

Ndiyo maana sitasahau Desemba iliyopita. Alikuja ofisini na suti nyeusi na shati jeupe, jua likiwa kali, akaniambia babake anapitia hapa akielekea hospitali Nairobi. Mzee aliingia na shuka yake na fimbo, mrefu, akinuka moshi wa nyumbani. Akaniwekea mkono kichwani. Akaangalia kompyuta, faili, muhuri wa tarehe, na uso wake ukajaa furaha.

"Wewe ndiye karani wa wakili wangu?" akaniuliza.

Nilimwangalia Mama Mikataba. Alikuwa anaangalia printa. Nilingoja aseme yale maneno yake. Hakusema.

"Ndiyo, babu," nikasema.

Hatukuzungumzia jambo hilo, siku hiyo wala baadaye. Lakini mimi nilikuwa nimedanganya mzee mgonjwa, na yeye, ambaye hawezi kuacha nyasi bila kuandikwa, alikuwa ameniacha nidanganye.

Mambo ya ng'ambo huyasema stima zikipotea tu. Hapo hakuna kupiga chapa, basi tunakaa mlangoni, na anaanza bila kuulizwa. Kwa muda mrefu nilifikiri mtu aliyerudi bila kitu lazima achukie alikotoka. Yeye alikupenda kule. Anaeleza maktaba ya chuo kama vile mtu anaeleza nyumba ya bibi yake: ngazi ya kushoto inalia, dirisha la tatu lina joto. Anakumbuka kesi ya mtu aliyegongwa na lango, na ya majirani waliogombania kivuli cha ukuta, na huzisimulia mpaka nasahau ni mambo ya watu waliokufa zamani. "Walikuwa wanatuambia tubishane," alisema siku moja. "Mwalimu anakaa kimya na wewe unambishia. Mimi, msichana wa Rombo. Mwaka wa kwanza nilinyamaza. Mwaka wa pili walinitafutia kengele ya kuninyamazisha."

Na hii, ambayo nilicheka mpaka nikaona haya. Siku yake ya kwanza alipelekwa kwa profesa mzee sana, mwenye mvi na mkongojo. Akafanya vile amefanya maisha yake yote mbele ya mzee. Akainamisha kichwa, akangoja. Hakuna mkono uliokuja. Akangoja tena. Alipoinua macho, profesa alikuwa ameinama pia, na miwani mkononi, anatafuta chini.

"Alifikiri nimeangusha kitu," alisema. "Akaniambia, usijali, tutakipata. Tukatafuta, sisi wawili, chini ya meza. Ningemwambia nini?"

"Ulitafuta kweli?"

"Nilitafuta kabisa. Nilipata klipu ya karatasi, nikamwambia ndiyo hii." Alicheka. "Hiyo jioni ndiyo nilijua niko mbali. Miaka mitatu bila mtu kunigusa kichwa."

Lakini stima zikirudi huinuka, na hadithi huishia palepale. Hakuwahi kufika mwisho wa miaka mitatu. Kwa hivyo mtaa ulimalizia wenyewe. Wengine walisema alianguka mtihani. Wengine, alifukuzwa. Mama yangu, ambaye si mtu wa maneno mengi, alisema tu, "Amesoma mpaka huko na bado anapigia watu chapa." Mimi niliamini kila kitu kwa zamu.

Jumanne niliandika hayo yote. Jumatano sikuenda ofisini kwake. Baba alikuwa ametangaza kanisani, na wamama wawili walikuja kuniuliza nitakula nini huko na kama nitaweza baridi. Baba alipata mnunuzi wa ploti yetu ya Kisaju, ile pekee tuliyo nayo mbali na tunapoishi. Baba yangu amefanya kazi kwenye kwari ya mawe tangu nizaliwe, na vidole vyake viwili havikunji. Ile ploti ni mawe aliyokata, ndivyo mimi huona. Wakala wa wanafunzi, kijana mmoja wa Nairobi, alimwambia kwa simu kila kitu kiko sawa, ni kulipa tu nafasi isipotee.

"Unafurahi, mama?" baba aliniuliza.

Nikasema ndiyo. Nilikuwa na lile neno la Jumatatu tumboni, umeuliza, na sikujua ni swali gani, na nilikuwa naogopa kuuliza swali ni gani. Hivyo ndivyo nilivyo.

Alhamisi saa nane tulienda kuandikiana: baba, mama, mimi, na mnunuzi, bwana mnene mpole mwenye kofia ya kanisa lake. Mama Mikataba aliandika haraka. Akasoma kwa sauti. Mnunuzi akaeleza amenunua nini, baba akaeleza ameuza nini, mama akasema amekubali. Kalamu ilikuwa imeshafunguliwa.

"Baba Mwende," Mama Mikataba akasema. Mwende ni mimi. "Unauza kwa sababu gani?"

"Si unajua? Huyu anaenda kusomea uwakili. Kama wewe."

"Akirudi, hapa watamkubali?"

Baba akamwangalia mnunuzi, wote wakatabasamu. "Digrii ya ng'ambo? Wakatae na wanachukua za hapa?"

"Nimeuliza kama umeuliza."

"Wakala amesema iko sawa."

"Wakala anapeleka watu. Harudishi watu." Akaiweka kalamu chini. "Baba Mwende, mimi si wakili."

Baba akacheka kwa upole. "Hiyo tunajua. Unasemanga hivyo kila siku. Ni unyenyekevu tu."

Mama Mikataba alituangalia mmoja mmoja, kama mtu aliyebisha mlango miaka mingi na sasa ndiyo anagundua wa ndani walifikiri anaimba.

"Mama Mwende," akamgeukia mama yangu, "na wewe unafikiria ni unyenyekevu?"

"Mimi nilifikiria ni mambo ya kodi," mama akasema.

Mnunuzi akakohoa kuficha kicheko. Mama Mikataba hakucheka. Akavuta kiti akakaa upande wetu wa meza, na akaongea kama vile anasoma mkataba, polepole, bila kuruka kitu.

Alisema hakuanguka mtihani wowote. Alipita vizuri. Aliporudi alipeleka karatasi zake kwenye ofisi inayokubali watu wa kusomea uwakili hapa nchini, na kijana wa dirishani akaweka alama kwenye orodha: masomo matano ambayo kila mtu hapa lazima awe amesoma, na yeye hakuyasoma kule. La kwanza lilikuwa sheria ya ardhi ya hapa kwetu. Kabla aende, ukoo mzima ulikuwa umekaa, ng'ombe wakauzwa, watu wakamuuliza juu ya baridi, juu ya chakula, juu ya wanaume wa huko. Hakuna aliyeuliza juu ya kurudi. Wangemuulizaje? Digrii ya mbali ilikuwa kubwa kuliko ya karibu.

"Masomo matano tu?" baba akasema. "Si ungeyasoma?"

"Mwaka mmoja na nusu, ningemaliza."

"Sasa?"

"Sasa nilifika nyumbani nikapata babangu ana kesi ya mpaka wa shamba. Alikuwa ameambia watu wangoje, wakili wake anakuja. Kondoo ameshachinjwa. Watu wamekaa. Akaniuliza, umekuwa wakili? Nikasema ndiyo. Nilifikiria ni ndiyo ya hiyo siku moja."

Alimlipa wakili wa kweli, kimya kimya, na siku ya kesi akavaa suti nyeusi akakaa nyuma yake akimpitishia vikaratasi. Kesi waliishinda. Mzee akamwambia kila mtu kutoka Rombo mpaka Loitokitok. Na baada ya hapo, alisema, wakili anarudije darasani? Angeaga akisema anaenda wapi? Mwaka ukaisha, mwingine ukaisha, akahamia Kitengela mahali babake alikuwa hafiki, na akaanza kuambia watu wa hapa ukweli kila siku, kwa sababu yule mmoja aliyepaswa kuambiwa, alishindwa kumwambia.

"Mtoto asiende?" mama yangu akauliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Aende. Mimi kama ningerudishwa nyuma ningeenda tena. Lakini aulize kwanza, aangalie hiyo orodha, na masomo ambayo hayapo awaambie wa huko kabla hajalipa. Na aulize yeye, si wakala, si wewe." Kisha akaniangalia. "Nakerai, mtoto wangu, wewe ukinyamaza watu wanafikiria umekubali. Najua, kwa sababu nimekutumia hivyo. Ile siku ya Desemba nilikutumia. Unisamehe."

Nilisikia masikio yakiwaka. Watu wazima wanne walikuwa wananiangalia na ukuta haukuwa na kitu kipya. Nikasema, "Baba, usitie sahihi leo."

Ilitoka ndogo. Baba akasema, "Eh?" Nikairudia.

Mnunuzi akavua kofia akaikung'uta vumbi. Alisema ana binti pia, na kwamba ploti haina miguu, anaweza kungoja mpaka Jumatatu. Baba aliangalia ule mkataba kwa muda, akaukunja, akampa mama aushike. Tukiwa tunatoka alirudi mlangoni akamuuliza Mama Mikataba, "Na mzee? Bado hajui?"

"Bado."

"Ni mzima?"

"Ni mzima."

Baba akatingisha kichwa, tukaenda. Mimi niligeuka kumwangalia mara moja. Alikuwa amekaa palepale upande wa wateja, kama anayengoja kuhudumiwa.

Asubuhi ya leo, Ijumaa, saa mbili na robo, nilikuwa kwenye foleni ya ile ofisi inayokubali watu wa kusomea uwakili. Nilikuwa nimeandika swali kwenye karatasi ili nimpe tu mtu wa dirishani asome. Zamu yangu ilipofika karatasi ilikuwa imelowa jasho, haisomeki, basi nikaongea. Dada wa dirishani alisema, "Ongea kidogo kwa nguvu," nikaongea kwa nguvu, na wale wa nyuma yangu wote wakasikia mambo yangu. Akachukua orodha ya masomo ya chuo changu, akaipitia na kalamu. Masomo matatu hayapo. Akaniambia mawili naweza kuomba chuo waniruhusu niyachukue hukohuko mwaka wa pili, la ardhi nitalifanya hapa nikirudi. Nikamwomba aandike. Akaandika, akaweka tarehe. Kisha nikakaa kwenye benchi la ukutani, nikaandikia chuo kwa simu, mimi mwenyewe, kuhusu hayo mawili, na nikaomba wanipe siku za kungoja jibu kabla nilipe. Nilimpigia baba nikamsomea. Alisema, "Soma tena," nikasoma tena. Akasema, "Haya. Tutangoja na wewe."

Ningeweza kwenda nyumbani. Nilipanga foleni upya.

"Si umehudumiwa?" yule dada akasema.

"Niko na swali lingine. Mtu aliyesoma huko kitambo, na alikosa matano, na hakurudi. Anaweza kurudi?"

"Kitambo gani?"

"Kabla mimi nianze shule."

Alifikiria, akaenda kuuliza mtu wa ndani, akakaa huko mpaka foleni ikaanza kulalamika juu yangu. Aliporudi alisema hakuna aliyefunga mlango, ila sheria zimebadilika kidogo, aje mwenyewe na karatasi zake zote. Akanipa fomu.

"Ni mamako?" akauliza.

"Ni jirani."

Karatasi aliyoniandikia mimi niliikunja mara nne nikaitia mfukoni. Ile fomu ya Mama Mikataba niliibeba mkononi, bila kuikunja, mpaka Kitengela.